"Haipo": Neno Moja, Maana Tatu, na Maumivu ya Mgonjwa wa Ulyankulu

Katika huduma ya dawa hakuna neno linalotamkwa kwa wepesi na kupokelewa kwa uzito kama neno "haipo". Mgonjwa husogeza cheti chake dirishani, mtoa dawa hukisoma, huitazama rafu, hukirudisha cheti, na mazungumzo huishia hapo. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye famasi nyingine ng'ambo ya barabara, huo ni usumbufu wa dakika chache. Kwa mkazi wa Ulyankulu, wilayani Kaliua, neno hilo hilo laweza kumaanisha safari ya Tabora mjini, nauli ya kwenda na kurudi, siku ya shamba iliyopotea, na usiku mmoja au zaidi wa maumivu yasiyo na kitulizo. Makala haya yanadai kwamba neno hilo lina maana tatu zilizo mbali mbali; kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa ni ipi kati ya hizo tatu iliyokusudiwa; na kwamba maana ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi kuiondoa, haizaliwi dukani bali mezani pa anayeandika cheti.

Ulyankulu inafaa kuwa kipimo cha hoja hii. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka huo huo, na mwaka 2014 wengi wao pamoja na watoto na wajukuu wao walikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliokabidhiwa uraia wa Tanzania. Ni nchi ya tumbaku na mahindi, ambako Kiswahili, Kirundi, Kinyamwezi na Kisukuma husikika katika foleni moja ya zahanati. Mkulima wa tumbaku huinama, hubeba na hukata kuni za kukaushia. Maumivu ya mgongo na ya viungo si jambo geni kwake. Fedha humjia kwa msimu, si kwa mwezi. Reli ya Kati hupita kusini, Urambo na Kaliua, kwa hiyo msafiri wa Ulyankulu hutegemea barabara, na masika barabara ina maamuzi yake. Mzigo uliochelewa si habari mpya katika nchi hii. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tangu Februari hadi Agosti, na sehemu kubwa ya miezi hiyo aliwangojea wapagazi waliotumwa kutoka pwani. Misafara imekwisha, lakini umbali haujakwisha. Palipo na umbali, kila neno la ziada katika cheti lina bei yake.

Maana ya kwanza ya "haipo" ni hii: jina halipo, ila dawa ipo.

Kila dawa ya kisasa inaweza kuwa na majina mawili. Lipo jina halisi, yaani jina la kiambato kinachofanya kazi mwilini, na lipo jina la kibiashara, ambalo ni mali ya kampuni. Parasetamoli ni jina halisi. Panadol ni jina la kibiashara. Diklofenaki ni jina halisi. Voltaren ni la kibiashara. Ibuprofeni iliingia sokoni Uingereza mwaka 1969 kwa jina la Brufen, na hadi leo wako wanaoijua kwa jina hilo pekee. Aspirin yenyewe ilianza kama alama ya biashara ya kampuni ya Bayer mwaka 1899. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni hiyo ilipoteza haki ya jina hilo katika nchi kadhaa, na hapo likawa jina la kila mtu. Kiambato hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nani mwenye ruhusa ya kuliandika jina hilo juu ya kasha.

Ili kuepusha mkanganyiko huo, Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1950 utaratibu wa kuipa kila dawa jina moja la kimataifa lisilo mali ya mtu. Mwaka 1977 shirika hilo hilo lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, iliyopangwa kwa majina hayo. Tanzania ilitunga Sera ya Taifa ya Dawa mwaka 1991, na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, unaochapishwa pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, hutaja dawa kwa majina halisi. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari, wa famasi au wa uuguzi hawezi kusema kwamba hakuelekezwa. Ameelekezwa tangu siku ya kwanza alipofungua mwongozo.

Hata hivyo majina ya kibiashara yangali yakiandikwa katika vyeti, na sababu zake zaeleweka. Jina la kibiashara aghalabu ni fupi na hutamkika kwa urahisi. Wawakilishi wa kampuni hupita katika hospitali za mijini wakiwa na kalamu, kalenda na sampuli zenye jina hilo. Mwandishi wa cheti aliyezoea hospitali yenye famasi yake mwenyewe huandika kile anachojua kuwa kipo chumba cha pili. Wengine huamini kwa dhati kwamba dawa ya kampuni fulani ina nguvu kuliko nyingine. Hakuna ubaya wa nia hapo. Lakini cheti hakibaki hospitalini kilikoandikwa. Husafiri pamoja na mgonjwa hadi kijijini kwake, na huko husomwa na mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu. Maduka hayo yalianzishwa mwaka 2003 mkoani Ruvuma ili kuchukua nafasi ya yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi, kisha yakaenea mikoa mingine. Mtoa dawa wake si mfamasia. Amepata mafunzo ya wiki kadhaa, na anaruhusiwa kuuza dawa zilizomo katika orodha maalumu, zikiwemo baadhi ya zile zinazohitaji cheti. Tuseme anapokea cheti kilichoandikwa jina la kibiashara asilowahi kulisikia. Afanye nini? Akibahatisha, anaweza kutoa dawa isiyo yenyewe. Akipiga simu, cheti mara nyingi hakina namba. Kukirudisha cheti na kusema "haipo" ndiko kutimiza wajibu wake wa tahadhari. Tusimlaumu. Huenda dawa yenyewe imekaa nyuma yake rafuni, ndani ya kasha la rangi nyingine, imetengenezwa na kiwanda kingine, kwa bei nafuu kuliko ile iliyoandikwa. Lakini hakuna aliyempa neno la kumwunganisha nayo.

Madhara hayaishii kwenye nauli. Mgonjwa aliyekosa dawa aliyoandikiwa hakai mikono mitupu. Maumivu hayamwachi akae. Hununua anachokijua, au anachoshauriwa na jirani. Katika soko letu zipo dawa za mchanganyiko, ambapo kidonge kimoja kina diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja, au parasetamoli na aspirini pamoja na kafeini. Mtu asiyejua majina halisi anaweza kumeza mchanganyiko huo asubuhi, kisha akaongeza Panadol mchana, akiamini kwamba ni dawa mbili tofauti kwa sababu makasha ni mawili. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akizidi, ini huwa hatarini. Diklofenaki ya kumeza haipaswi kuzidi miligramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na jamii hiyo ya dawa, ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuvuja damu, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo wanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Jina halisi, kwa hiyo, si suala la uchumi pekee, ni kinga. Anayejua kwamba makasha mawili yana kiambato kimoja hatavimeza vyote viwili.

Hapa sharti tusikilize pingamizi lenye uzito. Mgonjwa husema: "Nilipotumia ile ya kampuni nilipona, hii nyingine haikunisaidia." Na daktari husema: "Sokoni kuna dawa bandia na dawa duni, nikiandika jina la kampuni ninayoiamini, ninamlinda mgonjwa wangu." Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au bandia. Lakini jina la kibiashara si dawa ya tatizo hilo. Mghushi huiga kile ambacho watu wanakikimbilia, na jina maarufu ndilo lenye faida kuliko yote kuliiga. Ulinzi wa kweli ni ukaguzi. Mwaka 2018 mamlaka yetu ya udhibiti wa dawa, ambayo mwaka uliofuata ilibadilishwa jina na kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika kazi hiyo. Dawa iliyosajiliwa na mamlaka hiyo, ikauzwa na duka lenye kibali, ikahifadhiwa mbali na jua na unyevu, inastahili imani yetu iwe na jina maarufu au isiwe nalo. Ambapo ukaguzi una pengo, tudai ukaguzi uzibe pengo hilo, si kumpa mgonjwa jina ghali kama hirizi. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maana ya pili ya "haipo" ni tofauti kabisa: haturuhusiwi kuiuza hapa.

Kuna dawa za maumivu ambazo duka la dawa muhimu halina idhini ya kuziweka. Mofini ni mojawapo, kwa kuwa iko chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961. Tramadoli, ambayo wengine huijua kwa jina la kibiashara Tramal, haimo katika mkataba huo, lakini kwa sababu ya matumizi yake mabaya nchi nyingi zimeiwekea udhibiti, na kwetu pia si dawa ya duka la kijijini. Udhibiti huo una sababu njema. Tatizo ni kwamba mtoa dawa, kwa kuogopa maswali au kwa kukosa muda, hutumia neno lile lile: "haipo". Mgonjwa husikia kwamba imekwisha. Kwa hiyo huenda duka la pili, la tatu na la nne, na kila mahali hupata jibu hilo hilo, mpaka atokee mtu wa mtaani asiye na kibali wala elimu amwambie kwamba yeye anayo. Sentensi moja ingetosha kumwepusha na njia hiyo: "Dawa hii hatuna ruhusa ya kuiuza; inatolewa hospitali au famasi yenye mfamasia, na uende na cheti hiki." Sentensi hiyo haivunji sheria yoyote. Inampa mgonjwa mwelekeo, na inamheshimu.

Maana ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: dawa haipo kweli, wala karibu wala mbali kidogo.

Hii ndiyo hali ambayo mgonjwa wa saratani iliyokwisha kusambaa anaweza kujikuta nayo akiwa nyumbani kijijini. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha ngazi tatu za kutuliza maumivu ya saratani, na ngazi ya juu kabisa ni mofini. Inafaa kila msomaji aelewe jambo moja kuhusu dawa hiyo. Mofini ya kunywa, iliyo msingi wa huduma ya tiba shufaa katika nchi zetu, haihitaji jina la kibiashara hata kidogo. Ni unga unaochanganywa na maji kwa vipimo vya kitaalamu, ukatiwa katika chupa yenye lebo ya kawaida. Ni miongoni mwa dawa za bei nafuu, na kwa maumivu makali ya saratani ni miongoni mwa zilizo bora. Hakuna kampuni inayoitangaza redioni wala kuigawia kalenda. Huenda hiyo pia ni sehemu ya sababu kwa nini haifiki.

Nchini kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa mofini ya kunywa, nayo iko Dar es Salaam, ukingoni mwa bahari, upande wa pili wa nchi. Jirani zetu wa Uganda walikwenda njia nyingine. Daktari Anne Merriman alianzisha huko huduma ya Hospice Africa mwaka 1993 kwa kutumia mofini hiyo ya kuchanganywa na maji, na mwaka 2004 kanuni zilirekebishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waruhusiwe kuiandika, bila kumngoja daktari ambaye kijijini hayupo. Uganda si nchi tajiri kuliko yetu. Ilichokifanya ni kukubali kwamba mtu wa kijijini huumwa kama mtu wa mjini, kisha ikaelekeza sheria ifuate ukweli huo. Mkataba wa mwaka 1961 wenyewe, katika utangulizi wake, unakiri kwamba dawa hizo ni za lazima kwa kutuliza maumivu na kwamba zinapaswa kupatikana kwa ajili hiyo. Udhibiti bila upatikanaji ni kuutimiza mkataba nusu.

Tukizichanganya maana hizi tatu katika neno moja, hatuwezi kutatua hata moja. Ile ya kwanza ni kosa la kalamu, ya pili ni upungufu wa maelezo, na ya tatu ni upungufu wa mfumo. Wizara haiwezi kujua ni wagonjwa wangapi wanaokosa dawa kweli iwapo wanaokosa jina tu wamehesabiwa pamoja nao.

Nini kifanyike? Kwa anayeandika cheti, aandike jina halisi la dawa, kipimo chake kwa miligramu, umbo lake, kiasi cha kutumia, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, kisha aweke jina lake na namba ya simu ya kituo. Zipo hali chache ambapo kubadili bidhaa si jambo la kufanywa ovyo: mofini inayoachiwa polepole mwilini si sawa na ile ya haraka ingawa kiambato ni kimoja, na baadhi ya dawa za kifafa zinataka mgonjwa abaki na bidhaa ile ile aliyoizoea. Katika hali hizo mwandishi na aandike sababu yake waziwazi kwenye cheti, ili anayesoma kijijini ajue kwamba jina hilo limekusudiwa na si mazoea ya mkono.

Kwa mtoa dawa, aliondoe neno "haipo" likiwa peke yake. Aseme: "Jina hili silijui, ngoja tumpigie aliyeandika", au "Hapa haturuhusiwi", au "Imekwisha, na mzigo mwingine bado haujafika." Pale ambapo mgonjwa anaelewa Kirundi au Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili, amtafute mtu wa kumfasiria, kwa maana maelezo yasiyoeleweka ni sawa na maelezo yasiyotolewa.

Kwa mgonjwa na ndugu wanaomuuguza, yapo maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuondoka hospitalini: Dawa hii inaitwaje kwa jina lake halisi? Je, nyingine yenye jina hilo hilo halisi na kipimo hicho hicho itanifaa? Na kama haipatikani kwetu, niende wapi au nimpigie nani? Kuuliza si utovu wa adabu kwa daktari, na kueleza maumivu si udhaifu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Asibadilishe dawa kwa ushauri wa jirani, wala asichanganye makasha mawili kabla ya kusoma au kusomewa kilichomo.

Na kwetu sisi wa vyuo vya tiba, wajibu ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi hufuata anachokiona wodini kuliko anachosomewa darasani. Mwalimu anayefundisha majina halisi asubuhi, kisha mchana akaandika jina la kibiashara mbele ya wanafunzi wake, amelifuta somo lake mwenyewe. Wakati huu ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kumfikia kila mwananchi, swali la nani alipie jina litakuwa kubwa kuliko jana. Ni heri tulijibu sasa, kalamu ikiwa bado mikononi mwetu, kuliko kumwachia mkulima wa Ulyankulu alijibu kwa nauli yake.